Tulichanga shilingi 4,000 kumtazama Bill Ward akirudi kwenye ngoma zake: uzoefu wangu

Tiketi ya kutazama mtandaoni Back to the Beginning, tamasha la kuiaga Black Sabbath, bendi ya muziki mzito wa metal, iliuzwa karibu dola 30. Kwa hela zetu ni shilingi 4,000 hivi, na tulichanga watu wanne: mimi, mjomba, binamu yangu ambaye ni bintiye mjomba, na rafiki aliyepanda treni kutoka Nairobi mpaka Mombasa kwa ajili hiyo tu. Nimeulizwa mara nyingi kama pesa ile haikupotea. Haikupotea. Ningelipa tena kesho, na peke yangu. Ila sababu yangu si ile wanayoitaja wengi.

Shida kwanza, nizimalize. Kadi yangu ya benki ilikataliwa mara tatu, na kila nikipiga simu naambiwa nisubiri saa 24, ilhali tamasha ni kesho yake. Ikabidi binamu alipe kwa kadi yake, sisi tukamrudishia kwa M-Pesa. Anayetaka kununua matangazo ya nje asingoje siku ya mwisho. Jambo la pili, matangazo yalicheleweshwa saa mbili kwa makusudi, kwa hiyo lililotokea uwanjani lilikuwa limeshasambaa mitandaoni kabla sisi hatujaliona. Mjomba alizikusanya simu zote akazitia kwenye sufuria, akafunika. Yangu ilitolewa mara moja tu, stima ilipopotea Changamwe, bendi ya Tool ikiwa jukwaani, na kwa dakika 20 tukawa vichwa vinne juu ya kioo kimoja, bando likiisha mbio. Matangazo yenyewe hayakukwama kwetu hata mara moja. Picha ilikuwa safi, na sauti tuliyoipitisha kwenye spika za zamani za mjomba ilikuwa na kina: gitaa la besi la Geezer Butler wa Sabbath ulilisikia lenyewe, likitembea njia yake, si mvumo wa kujaza nafasi.

Tamasha lilikuwa tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park, Birmingham, Uingereza, mtaa wa Aston, kule kule walikolelewa hao vijana wanne walioanzisha Black Sabbath mwaka 1968. Mapato yalikuwa ya hisani: utafiti wa ugonjwa wa Parkinson, hospitali ya watoto ya Birmingham, na kituo cha kuwatunza watoto wenye maradhi yasiyopona. Kuanzia jioni yetu mpaka usiku wa manane zilipanda bendi ambazo kila moja peke yake ingejaza ukumbi. Mastodon walifungua. Wakafuata Anthrax, Lamb of God, Alice in Chains, Gojira, Pantera, Slayer, Guns N' Roses na Metallica, na karibu kila mmoja alipiga walau wimbo mmoja wa Sabbath kabla ya kushuka. Mtu asiyeujua muziki huu angeweza kujifunza historia yake yote kwa kukaa kwenye kiti kimoja siku moja.

Mjomba ni fundi wa vyuma mstaafu. Amekata na kukunja mabati miaka mingi, na kanda yake ya kwanza ya Sabbath aliipata kwa baharia aliyemtengenezea kitasa cha sanduku. Kamera ilipoukaribia mkono wa kulia wa Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, alisimama akasogea hadi kwenye televisheni. Iommi alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono huo. Na yeye ni wa shoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akafinyanga vifuniko vya kuvika vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akawa anazilegeza ili zisimuumize. Sauti ile nzito, inayoburuta kama mnyororo sakafuni, imetoka kwenye jeraha hilo. Mjomba alikigusa kile kioo kwa kidole, pale pale penye kifuniko. "Huyu ni fundi mwenzangu," akasema, akarudi kuketi.

Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, alipanda akiwa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi. Parkinson ilikuwa imeshamnyima miguu. Aliimba kwanza nyimbo zake mwenyewe tano, na alipofika kwenye Mama, I'm Coming Home sauti ikatetemeka, ikapotea katikati ya mstari, ikarudi. Watu zaidi ya 40,000 wakaubeba wimbo pale alipouachia. Nimesoma wengi wakisema haikuwa haki kumpandisha mzee katika hali ile, kwamba ilikuwa biashara ya huruma. Mimi nilimtazama usoni. Alikuwa akijaribu kuinuka. Mikono inakishika kiti, mabega yanapanda, mwili unakataa, naye anajaribu tena. Hakuna aliyemlazimisha mtu yule kufanya vile.

Sasa nifike kwenye sababu yangu, nayo inaitwa Bill Ward. Sabbath walipotangaza kurudi mwishoni mwa 2011, mpiga ngoma wao wa asili alijiondoa mwaka uliofuata kwa sababu ya mkataba ambao hakuweza kuutia sahihi. Walirekodi albamu iitwayo 13 na mpiga ngoma mwingine, wakazunguka dunia na mwingine tena, wakafunga ziara iliyoitwa The End mjini Birmingham Februari 2017, Ward akiwa hayupo. Mara ya mwisho wote wanne kupiga pamoja ilikuwa 2005. Miaka 20. Mimi niliijua Sabbath kupitia ngoma zake: hapigi kama saa, anapiga kama mtu anayeteremka ngazi gizani huku anazijua. Anachelewa kidogo, anakimbilia, anaacha upenyo, na gitaa la Iommi linajaa humo. Wapiga ngoma waliomfuata walikuwa hodari, wengine wana nguvu kumshinda. Upenyo ule hawakuwa nao.

Usiku ule Sabbath walipiga nyimbo nne tu, basi. Ward, miaka 77, alivua shati akapiga kifua wazi. Kuna mahali kasi ilipungua, na kuna mahali alichelewa kweli, si kwa mtindo. Nikalisikia pengo lile, na gitaa likaingia. Nililia, na sioni haya kulisema.

Siku 17 baadaye, tarehe 22 Julai, Ozzy akafariki akiwa na miaka 76. Mjomba ndiye aliyenipigia simu.

Tangu hapo sisi wanne hatujaacha kubishana. Binamu anashikilia kwamba ziara za bendi kurudiana ni njia ya kuuza jina, na bendi changa zinakosa nafasi kwa sababu matamasha makubwa yamejaa wazee. Ana hoja. Slayer walifunga pazia Novemba 2019 baada ya ziara ndefu ya kuaga, wakatangaza kurudi Februari 2024. Mtu aliyenunua tiketi ya kuaga alinunua kuaga. Kumwambia miaka minne baadaye kwamba haikuwa hivyo ni kumvunjia neno, hata kama usiku ule wa Villa Park walipiga vikali mno, na walipiga vikali. Jeff Hanneman aliyetunga nyimbo zao nyingi kubwa alifariki 2013. Gary Holt anapiga sehemu zake kwa heshima na usahihi, lakini neno kurudiana lina maana yake.

Kuhusu Pantera tuligawanyika vibaya. Mpiga gitaa wao, Dimebag Darrell, aliuawa kwa risasi akiwa jukwaani, Columbus, Ohio, tarehe 8 Desemba 2004. Kaka yake Vinnie Paul, mpiga ngoma, alifariki 2018. Waliobaki, Phil Anselmo na Rex Brown, walianza kuzunguka tena mwishoni mwa 2022 wakiwa na Zakk Wylde kwenye gitaa na Charlie Benante kwenye ngoma. Mimi nilisema bila ndugu wawili hakuna Pantera, maana bendi ilikuwa yao. Mjomba akanikatiza: "Mwanangu, matanga hayamfufui mtu, lakini watu huenda. Na wakienda huimba." Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Bado naona jina lingeandikwa tofauti. Ila siku hizi naziangalia video zao bila hasira niliyokuwa nayo.

Desemba ikaja na ubishi wa albamu bora za mwaka. Binamu alileta Lonely People with Power ya Deafheaven, iliyotoka Machi 2025, na sikumlaumu. Kwenye albamu yao ya 2021 kelele za koo zilikuwa karibu zimeachwa kabisa, nyingi ikawa sauti laini. Hapa kelele zimerudi, na magitaa yamepanuka hadi unahisi chumba kimekosa dari. Rafiki yetu wa Nairobi yeye alishupalia The Adept ya Lord Spikeheart, Mkenya mwenzetu aliyeanzia na kundi la Duma. Tulimkumbusha ni ya 2024. Akasema anajua, lakini anaitaja kila Desemba mpaka orodha za ulaya zimsikie. Lord Spikeheart ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildimashali katika Mau Mau, na ukiisikiliza albamu ile ukilijua hilo, ukali wake unapata anwani. Isikilizeni kwa vipokea sauti vizuri. Spika ya simu itawanyima nusu.

Mimi nilileta Dissonance Theory ya Coroner, kundi la Zurich, Uswisi. Walitoa Grin mwaka 1993, wakavunjika 1996, wakaungana tena 2010, na albamu mpya ikafika Oktoba 2025. Miaka 32 katikati. Gitaa la Tommy Vetterli bado linakata kwa usafi wa kisu cha kinyozi, na hakuna wimbo unaojaribu kujifanya wa 1989. Unasikia watu waliozeeka huku wanafikiri. Vishindo vina nafasi ya kupumua, na sauti ya Ron Broder imekauka kwa namna inayoufaa muziki kuliko ilivyokuwa ujanani.

Binamu alikuwa amejiandaa. Akaniuliza mpiga ngoma wa asili wa Coroner yuko wapi. Aliondoka 2014, na aliyepo ni mwingine. "Kwa nini Sabbath bila Ward wana kosa, Coroner bila wa kwao hawana?" Na akaongeza kwamba ile 13 ya Sabbath, niliyoisema vibaya kwa sababu ya ngoma, ilishika namba moja Uingereza na Marekani.

Nililala nalo swali hilo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba bendi inayorudi inatudai fedha, kwa hiyo nayo ina deni. Inaweza kulilipa kwa kuwarudisha watu ambao mikono yao ndiyo sauti, kama Birmingham. Au inaweza kulilipa kwa kazi mpya yenye uzito, kama Coroner. Nimeirudia 13 kwa masikio hayo, na nakiri nilikuwa mkali mno. Nusu yake ya kwanza ni kazi halisi, magitaa ya Iommi yana giza lile lile, na ngoma zinafanya wajibu wake hata kama hazifanyi ule wa Ward. Bendi inayorudi na orodha ile ile ya nyimbo, na nusu ya watu, na tiketi ghali kuliko zamani, hiyo sitailipia.

Matangazo ya Villa Park nayapa nyota tano kwa picha na sauti, na naondoa nusu kwa ule ucheleweshaji wa saa mbili, maana usiku wa kuagana mtu anataka kuwa pale sekunde ile ile na wengine. Binamu bado hajakubali hoja yangu ya deni. Jana amenitumia ujumbe kwamba Coroner ameisikiliza mara ya tatu na nyimbo mbili zimemkaa, lakini Deafheaven yuko juu bado. Mjomba ameomba tumnakilie zote mbili kwenye flashi, na ile ya Lord Spikeheart pia, asikilize kwenye redio ya karakana.