Kupunguza tumbo au baipasi: maisha baada ya kisu

Hizi ni operesheni mbili za kupunguza uzito. Ile ya kupunguza tumbo huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, lakini njia ya chakula hubaki ileile. Baipasi ya tumbo huacha kifuko cha kama mililita 30 na kukiunga moja kwa moja na utumbo mdogo.

Tofauti huonekana upesi mezani. Wa baipasi akinywa glasi ya juisi ya miwa, huenda ndani ya nusu saa moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamsokota na kuhara juu. Wapo wanaokoma sukari kwa sababu hiyo, na si hasara. Aliyepunguzwa tumbo husumbuliwa zaidi na kiungulia. Kama unacho tayari, mimi ningeegemea baipasi. Hata kwa kisukari cha aina ya 2, kwa kawaida baipasi ndiyo yenye nguvu zaidi.

Ila masharti yake ni makali. Diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazonunua duka la dawa kama pipi, zinaweza kuleta vidonda pale kwenye maungio. Sigara nayo vilevile. Upungufu wa madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12 humwandama zaidi wa baipasi, ingawa wote wawili wanatakiwa kumeza vitamini na kupima damu maisha yote.

Mimba? Wote wasubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango visitegemewe. Kitanzi au kijiti ni cha uhakika zaidi.