Uzoefu Wangu wa Kubadilisha Pini ya Kufyatulia ya Mosin-Nagant M91/30

Pini ninayoitolea maoni hapa, yaani chuma chembamba kinachoigonga risasi ili ilipuke, ni ya bunduki ya Mosin-Nagant M91/30. Ilitengenezwa na Wasovieti, ikahifadhiwa ndani ya grisi bila kutumika, nami niliinunua kwa muuzaji wa vipuri vya akiba ya kijeshi hapa Marekani baada ya kuirudisha pini nyingine iliyotengenezwa miaka ya karibuni. Hii ya Kisovieti naipa nyota nne kati ya tano. Ile nyingine nisingeipa zaidi ya moja, na kilichozitofautisha ni kiasi kisichofika hata milimita moja.

Bunduki yenyewe ina mhuri wa 1943 pamoja na pembetatu yenye mshale ndani yake, ambayo ni alama ya kiwanda cha Izhevsk. Hutumia risasi za 7.62x54R, hukokiwa kwa mkono kwa bolti, yaani chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya mtutu, ambacho ndani yake ndimo inamokaa pini, nami huitumia uwanjani kulenga shabaha na porini wakati wa msimu wa kuwinda paa, ambao hapa Minnesota huangukia Novemba, baridi ikiwa tayari imeshika. Nilipoinunua ilikuwa imekwisha kupita katika mikono mingine, na hilo lina maana kubwa kwa Mosin, kwa sababu risasi za akiba za nchi za Kisovieti zilizouzwa hapa kwa bei ya chini kwa miaka mingi zina fataki (kile kidude kidogo kitakoni mwa risasi kinachogongwa na pini na kuwasha baruti) zenye kloreti ya potasiamu. Fataki hiyo ikilipuka huacha chumvi, chumvi hufyonza unyevu wa hewa, na asiyeiosha bunduki kwa maji ya moto kabla ya kuipaka mafuta huikuta imeshika kutu ndani ya muda mfupi sana. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi hiyo, yanaifunika tu. Wengi huikagua mitutu na kuisahau bolti, ilhali ncha ya pini ndiyo inayogusa fataki moja kwa moja.

Dalili ilianza kidogo kidogo: risasi moja moja ikawa inagoma kulipuka, na nilipoitoa nikaona kwenye fataki kishimo kifupi, chembamba, kisicho na kina cha kutosha. Hapa nawasihi wasomaji wasiwe na haraka. Risasi iliyogoma huenda ikalipuka kwa kuchelewa, kwa hiyo mtutu ubaki umeelekezwa kwenye shabaha na bolti isifunguliwe kwa angalau nusu dakika, au kwa muda mrefu zaidi ikiwa kanuni za uwanja zinataka hivyo. Mosin ina kishawishi chake, kwa kuwa kipande cha kukokia kiko nyuma, nje kabisa, na mtu anaweza kukivuta na kufyatua tena bila kufungua bolti. Risasi zangu nyingi zilizogoma zililipuka zilipopigwa mara ya pili, na jambo hilo lilinionyesha kwamba fataki ni nzima na kwamba pigo ndilo lililokuwa dhaifu.

Pigo dhaifu, hata hivyo, halimaanishi moja kwa moja kwamba pini imekwisha, na hapo ndipo watu wengi hununua kipuri wasichokihitaji. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni grisi. Bunduki hizi zilihifadhiwa kwa kumiminiwa kosmolini, na mabaki yake ndani ya bolti, kuizunguka springi, huganda wakati wa baridi na kuipunguzia pini mwendo. Niliifungua bolti yote, nikaisafisha kwa mafuta ya kusafishia rangi, nikaikausha na kuirudisha ikiwa na mafuta mepesi kidogo sana. Hali ilipata nafuu lakini haikuisha. Sababu ya pili ni springi iliyolegea kwa uzee, ambayo huwezi kuihukumu kwa macho tu. Fundi aliilinganisha na springi nyingine akaikubali. Sababu ya tatu ni nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda la risasi: nafasi hiyo ikizidi, risasi husogezwa mbele na pigo badala ya kulipokea, na nguvu nyingi hupotea. Hilo lilipimwa kwa geji na likaonekana kuwa ndani ya kiwango. Nilijaribu pia risasi za kiwanda zenye fataki laini, na zikagoma kwa nadra kuliko za kijeshi, kwani fataki za kijeshi huwa ngumu zaidi na ndizo za kwanza kuufichua udhaifu wa pini.

Iliyobaki ilikuwa pini, na kwa bahati nzuri Mosin ni bunduki iliyoundwa ili askari aweze kuipima mwenyewe. Katika vifaa vyake vya asili kuna bisibisi bapa yenye mapengo mawili madogo, moja limeandikwa 75 na jingine 95. Namba hizo ni sehemu ya elfu ya inchi, yaani takribani milimita 1.9 na 2.4, na ncha ya pini inapojitokeza mbele ya uso wa bolti haina budi kuwa kati ya vipimo hivyo viwili. Bolti hutolewa kwenye bunduki iliyohakikishwa kuwa haina risasi, pini huachwa iende mbele, kisha pengo la 75 hupitishwa juu ya ncha, na linatakiwa likwame. Pengo la 95 linatakiwa lipite bila kugusa. Langu la 75 lilipita. Pini ilikuwa fupi.

Kabla ya kuilaumu, nilitazama mahali inapoungana na kipande cha kukokia. Pini ya Mosin hufungwa kwa nyuzi za skrubu, na mfuo ulio kitakoni mwake unapaswa kulingana na alama zilizochongwa kwenye kipande hicho. Kama alama hazilingani, basi pini imefungwa vibaya, na dawa yake ni kuizungusha tu, haihitaji hata senti moja. Zangu zililingana sawasawa. Nilipoitazama ncha kwa kioo cha kukuzia niliona sababu: badala ya kuwa ya mviringo na laini, ilikuwa bapa upande mmoja na imejaa vishimo vya kutu, na ukingo mmoja ulikuwa mkali. Ncha ya namna hiyo ina hatari mbili kwa wakati mmoja. Ufupi wake huifanya risasi igome, na ukali wake unaweza kuitoboa fataki, gesi ya moto ikarudi nyuma kuelekea usoni kwa mpigaji na kuzidi kuila ncha. Kwa sababu hiyo sikukubali ushauri wa jamaa mmoja wa uwanjani aliyeniambia niisogeze mbele kwa kuizungusha kisha niisugue kwa msasa. Kipimo kingerudi, lakini chuma kilicholiwa hakirudi.

Pini ya kwanza niliyoagiza ilikuwa mpya, imechongwa kwa mashine, na maelezo ya muuzaji yalisema inaingia katika Mosin za aina zote. Ilifika ikiwa haina maelezo yoyote ya urefu. Mistari ya tindo ya mashine ilionekana waziwazi kwenye ncha, na nilipoifunga hadi alama zilipolingana, pengo la 95 liligonga. Ilikuwa ndefu mno. Kuirudisha nyuma kwa nusu mzunguko kuliifanya iwe fupi mno, na robo mzunguko hauwezekani, kwa sababu pini ina sehemu bapa inayopita katika tundu bapa la kiungo cha bolti na hukubali kukaa kwa namna mbili tu. Fundi stadi angeweza kuipunguza na kuing'arisha, lakini kipuri kinachotangazwa kuwa kiko tayari hakipaswi kunidai kazi ya fundi. Niliirudisha, muuzaji akanirejeshea fedha bila ubishi, gharama ya posta ikabaki kwangu.

Pini ya pili, hii ya Kisovieti, ilifika imefungwa katika karatasi ya nta, imejaa grisi nzito, rangi yake nyeusi ikiwa haijachubuka. Haikufika dola 30 pamoja na posta. Kuifunga ni kazi fupi kwa aliyewahi kuifungua bolti hii: kipande cha kukokia huvutwa nyuma na kuzungushwa upande wa kushoto hadi springi ilegee, kichwa cha bolti na kiungo chake huchomolewa mbele, kisha pini hufunguliwa nyuzi zake huku ncha ikiwa imekandamizwa kwenye ubao laini. Ukandamizaji huo si wa hiari. Springi bado ina nguvu hadi uzi wa mwisho, na ikikuponyoka itarusha vipande chumba kizima, kwa hiyo miwani ya kukinga macho ivaliwe. Niliifunga mpya hadi alama zikalingana, nikapima, na pengo la 75 likakwama na la 95 likapita, bila marekebisho ya aina yoyote. Fundi aliipima kwa kalipa akapata milimita 2.2.

Tangu hapo nimetumia risasi za kijeshi zilezile zilizokuwa zikigoma, asubuhi za baridi kali zikiwemo, na vishimo kwenye fataki sasa ni vya kina, vya mviringo, na viko katikati. Haijagoma hata moja. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu muuzaji huyu naye hakutaja urefu wala hakuonyesha picha ya ncha. Kipuri kilikuwa chema, lakini mnunuzi hana njia ya kulijua hilo kabla hakijamfikia.

Neno moja kwa ndugu walioko nyumbani ambao huenda wakavutiwa na bei. Hapa Marekani pini huuzwa kwa posta kama kipuri cha kawaida kwa sababu sheria ya nchi huitambua fremu ya bunduki kuwa ndiyo silaha, lakini kuisafirisha nje ya nchi kunasimamiwa na sheria za usafirishaji, na nchini Kenya sheria huhesabu hata sehemu ya silaha kuwa silaha. Asithubutu mtu kumtilia jamaa yake pini ya bunduki kwenye sanduku la safari. Mwenye bunduki halali Arusha au Nanyuki ampelekee fundi mwenye leseni, naye aagize kwa njia zake.

Kwa mwenye Mosin aliye hapa, ningemshauri anunue bisibisi ya vipimo kabla ya kununua pini, kwani ni ya bei ndogo kuliko pini na huenda ikamwonyesha kwamba kipuri hakihitajiki. Kisha apime kila anapoifunga bolti baada ya usafi wa ndani, kwa kuwa kila usafi huo huilazimu pini kufunguliwa nyuzi na kufungwa upya.