Picha za nyeusi na nyeupe Goma: dreva ya Epson au QuadTone RIP?

Chapisha picha ya mawe ya lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, na kasoro itajionyesha mara moja: vivuli vimegandamana, au kijivu kimeelekea kijani. Ukijani huo hutokea printa inapounda kijivu kwa wino wa rangi.

Printa za Epson zenye wino mweusi pamoja na weusi hafifu wa aina mbili zina Advanced B&W Photo, njia ya kuchapisha nyeusi na nyeupe, ndani ya dreva (programu inayoiendesha printa), bure. Katika Photoshop, iachie printa isimamie rangi, kisha katika dreva chagua Neutral (kijivu kisicho na rangi) au Warm (kijivu chenye joto). Vivuli vikifunikwa, shusha Tone, yaani kiwango cha giza, kutoka Darker hadi Dark. Kwa studio ya Birere, mtaa wa Goma, yenye wateja mlangoni, hii inatosha kabisa.

QuadTone RIP ya Roy Harrington, programu inayochukua nafasi ya dreva ya Epson, inataka subira. Unaamua mwenyewe kila wino utoke kiasi gani, kwa kila aina ya karatasi. Anza na kikomo cha wino: kikizidi, karatasi hulowa na vivuli viwili vya jirani huwa kimoja. Kisha chapisha ngazi ya vipande 21 vya kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi, iache ikauke usiku kucha, ipime giza la kila kipande kwa kifaa cha kupimia, uingize vipimo ili programu inyooshe mkunjo, yaani hatua za kijivu zipishane kwa usawa. Ukipima wino ungali mbichi, kazi yote hupotoka. Picha yenyewe ihifadhiwe kama faili ya TIFF ya kijivu, isiyo na rangi.

Kwa karatasi ya pamba ya maonyesho, tunachagua QuadTone bila kusita: ngazi za giza kati ya jiwe na jiwe hubaki zikihesabika.