Taa ya breki ilikuwa inawaka, fundi akaamua kuizima

Jamani hili nimekaa nalo kifuani siku nyingi, leo naliandika. Gereji siitaji jina, iko huku kwetu Kigoma, maeneo ya Mwanga, na sisemi mafundi wake wote ni wabaya maana injini yangu walishaitengeneza palepale na mpaka leo imetulia. Kwa injini sina neno nao. Ila breki, hapana.

Gari yangu ni Probox, nabebea dagaa kutoka Kibirizi. Ile taa nyekundu ya hendibreki kwenye dashibodi ikaanza kuwaka wakati hendibreki nimeishusha, mara iwake nikikata kona, mara izime, na pedeli ikawa inaingia ndani kuliko nilivyozoea. Nikaipeleka. Fundi hata kuinama hakuinama, alikaa kwenye siti akakanyaga mara mbili akasema pedi zimeisha na hiyo taa ni kamba ya hendibreki imelegea. Nikamuuliza, mbona mafuta ya breki kwenye kikopo yanashuka, juzi tu nimeongeza? Akanijibu mbele ya watu, "Mama, wewe endesha, breki niachie mimi." Nikanyamaza. Hapo ndo nilipokosea, sikutakiwa kunyamaza.

Akafunga pedi mpya za mbele, na ufundi wake ikafika 70,000, na kweli taa ikazima. Nikivuta hendibreki inawaka, nikishusha inazima, nikaridhika, hadi jirani yangu nikamwelekeza aende kwake.

Haikupita wiki mbili nashuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, na mnaoujua ule mteremko mnajua, nyuma nimempakia mama mkwe wangu, nakanyaga breki pedeli ikazama mpaka chini kama nakanyaga sponji. Nikapampu, nikapampu tena, nikashusha gia, nikavuta hendibreki, gari inapungua lakini haisimami, mama mkwe anasoma shahada nyuma kwa sauti, mbele yangu bodaboda kapakia mama na mtoto. Nikaipandisha kwenye ukingo wa barabara ikasimama. Miguu ilitetemeka nikashindwa kutoka kwenye gari.

Gari ikavutwa mpaka kwa kijana mmoja Gungu, gereji yake ni chini ya mwembe tu, na huyu naomba nimsifie maana alinifundisha. Kitu cha kwanza hakushika spana, alifungua boneti akaangalia kikopo, karibu kitupu. Akaniambia mama, mafuta ya breki hayaungui kama petroli, pedi zikilika yanashuka taratibu, ila ukiwa umefunga pedi mpya na bado yanashuka ujue kuna mahali yanatoka. Akapiga jeki, akapitisha kitambaa upande wa ndani wa kila tairi. Nyuma kushoto kitambaa kikaloa. Akatoa ngoma, lile bakuli la chuma la breki ya nyuma, lainingi zinazobana ngoma hiyo kwa ndani zimelowa chepechepe, akainua ile raba ya pembeni ya silinda ndogo inayozisukuma, mafuta yakachuruzika. Kumbe yalikuwa yanavujia humohumo ndani ya ngoma ndo maana chini sikuwahi kuona tone. Na lainingi zikishalowa hazishiki, na hendibreki nayo inabana hizohizo, ndo maana hata yenyewe ilikuwa inateleza.

Kabadilisha silinda, lainingi za nyuma pande zote mbili (ukibadilisha ya upande mmoja tu gari itavuta upande), akatoa upepo kwenye mafuta ya breki mimi ndo nakanyaga pedeli, mpaka mapovu yakaisha. Akaijaribu mwenyewe polepole pale uwanjani kabla ya kunipa funguo.

Alafu ndo akanionyesha kitu. Kwenye kile kikopo kuna soketi ya waya, ndo inayowasha taa mafuta yakipungua. Taa ni hiyohiyo moja ya hendibreki, ina kazi mbili. Soketi ilikuwa imechomolewa na waya umefungwa kwa seloteipu vizuri kabisa usining'inie.

Yaani hakukosea. Kukosea ningesamehe, fundi ni binadamu. Huyu aliona taa inaniambia kitu akaifunga mdomo ili nilipe niondoke.

Nikarudi kwake na ile silinda kwenye mfuko wa rambo. Akaiangalia akasema, "Kwani mama si umefika salama?" Pole hakunipa, hela hakurudisha. Mwanzo nimesema kwa injini sina neno nao, sasa hivi naandika hapa mikono inatetemeka na hilo nalifuta. Mtu anayechomoa waya wa taa ya breki, kwenye injini yangu kachomoa nini? Jumamosi naipeleka kwa yule kijana wa Gungu aiangalie yote, waya kwa waya.