Arena, cutechess na fastchess: uzoefu wangu wa kupambanisha injini za chesi nikiwa Busia

Nina injini yangu ya chesi, yaani programu inayocheza chesi yenyewe, ninayoiandika mwenyewe, nimeipa jina Korongo. Kila nikiibadilisha, swali ni lile lile: imepata nguvu, au nimeiharibu? Kukodolea macho michezo miwili mitatu hakujibu kitu. Toleo jipya lazima lipigane na la zamani mchezo baada ya mchezo, mimi nikiendelea na shughuli zangu. Kwa kazi hiyo nimetumia programu tatu, zote za bure, kwenye kompyuta ya mitumba yenye prosesa ya viini vinne iliyoko ndani ya kibanda changu cha fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda.

Nilianza na Arena. Mimi naitumia kwenye Windows. Unaona ubao, kete zinatembea, na pembeni kila injini inaonyesha inawaza nini na imechungulia hatua ngapi mbele. Mpwa wangu akitoka shule huja kukaa kando yangu na kutazama.

"Mjomba, huyu mweusi mbona anatoa farasi bure?" aliniuliza siku moja.

Nikasogea. Kweli, Korongo ilikuwa imekula kitunda kwa farasi, na farasi akaliwa hatua iliyofuata. Tukarudisha mchezo nyuma tukaangalia hesabu yake: ilikuwa inafikiria mpaka pale inapokula kitunda, hesabu inakoma, inajiona imepata faida. Haikuwa inaangalia kama kuna anayemlinda yule kitunda. Usiku ule nikaandika upya sehemu hiyo ili injini isikate hesabu katikati ya kulana. Kosa la namna hii huwezi kuligundua kwenye jedwali la matokeo, linataka ubao. Kwa sababu hiyo Arena bado ninayo na sitaifuta.

Lakini Arena ndiyo iliyonifikisha kwenye kosa langu kubwa, na kosa lilikuwa la namna nilivyoitumia. Nilibadilisha jinsi Korongo inavyothamini usalama wa mfalme, nikachezesha michezo kumi. Toleo jipya likashinda sita, sare mbili, likafungwa miwili: alama 7 kwa 3. Ukiigeuza asilimia 70 kuwa Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) unapata ongezeko la takriban 147. Nilifurahi sana, nikalihifadhi toleo lile kama ndilo rasmi, nikajenga mabadiliko mengine juu yake kwa wiki nzima.

Nilipohamia cutechess-cli, jambo la kwanza nililofanya ni kurudia mechi ile ile kwa michezo 1,000. Ilishinda 312, ikafungwa 321, sare 367. Programu ikaniandikia tofauti ya Elo -3.1, na mbele yake kosa la makadirio la karibu 17 juu na chini. Maana yake sikuwa nimeongeza chochote ninachoweza kukionyesha. Ile 7 kwa 3 ilikuwa bahati tu, na kwa michezo kumi bahati ina nafasi kubwa mno. Kama kuna kitu kimoja ningependa mtu anayeanza achukue kutoka kwangu, ni kuisoma namba ile ya pili kabla ya ya kwanza.

Cutechess ni kazi ya Wafini wawili, Ilari Pihlajisto na Arto Jonsson. Ina sura mbili, moja yenye madirisha na ubao, nyingine ya kuandika amri tu. Mimi hutumia ya amri. Amri yangu ya kawaida ni hii:

cutechess-cli -engine cmd=./korongo_b name=mpya -engine cmd=./korongo_a name=zamani -each proto=uci tc=10+0.1 option.Hash=16 -openings file=8moves_v3.pgn format=pgn order=random -games 2 -rounds 500 -repeat -concurrency 3 -pgnout mechi.pgn

Kila injini ina sekunde kumi, na sehemu moja ya kumi ya sekunde huongezwa kila hatua. Mchezo mmoja unakwisha ndani ya nusu dakika hivi, na michezo mitatu ikienda kwa pamoja, elfu moja inamalizika kwa saa tatu. Majina ya mpya na zamani usiyasahau, la sivyo matoleo yote mawili yatajitambulisha kwa jina moja na utachanganyikiwa. Faili ya ufunguzi nayo ni ya lazima. Mara ya kwanza niliiacha, michezo yote ikaanzia mahali pamoja, na nilipofungua PGN (faili inayohifadhi hatua za michezo) nikakuta mingi inafanana hatua kwa hatua. Neno -repeat linafanya kila ufunguzi uchezwe mara mbili, upande mmoja na nyeupe kisha na nyeusi, asipatikane wa kulalamika kuwa kapewa nafasi mbaya.

Kuhusu -concurrency, yaani michezo mingapi inachezwa kwa pamoja, niliwahi kuweka 4 kwa sababu kompyuta ina viini vinne. Kumbe mimi huku nachapa barua za wateja kwenye kompyuta hiyo hiyo. Matokeo yakawa ya ajabu, nikafungua PGN: mchezo baada ya mchezo umeisha kwa kuishiwa na muda, wengine wakiwa na malkia zaidi. Mashine ilikuwa imeelemewa. Nikashuka hadi 3, tatizo likaisha. Tangu hapo, kabla ya kuamini mechi yoyote, natafuta kwanza ndani ya faili waliopoteza kwa saa.

Halafu kuna SPRT, kipimo cha takwimu kinachoamua mechi ikiwa bado inaendelea, na hapa ndipo napenda kukaa zaidi. Badala ya kuamua mapema idadi ya michezo, unaiambia programu unatafuta nini: elo0=0 elo1=5 alpha=0.05 beta=0.05, yaani ongezeko ni 0 au ni Elo 5, na unakubali nafasi ya asilimia 5 ya kukosea kila upande. Kila mchezo unapokwisha, namba inayoitwa LLR, inayopima ushahidi uliokusanyika, inapanda au inashuka. Ikivuka 2.94, badiliko linakubaliwa. Ikishuka chini ya -2.94, linatupwa. Badiliko bovu linaondolewa mapema na hupotezi usiku mzima. Mbinu hii ni ya Abraham Wald, aliyeibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya ukaguzi wa bidhaa za jeshi. Fishtest, mtandao wa kupima injini maarufu ya Stockfish ulioanza 2013 kwa kompyuta za watu wa kujitolea, unaamua kwa njia hii hii.

Shida yangu ni umeme. Usiku mmoja SPRT ilikuwa imefika LLR 2.1, umeme ukakatika. Michezo iliyokwisha ilikuwa salama kwenye PGN, ila hesabu ya SPRT niliianza upya. Ndipo nikajaribu fastchess. Amri zake zinafanana sana na za cutechess, sikuhitaji kujifunza upya, lakini yenyewe huhifadhi hali ya mechi kila baada ya michezo kadhaa kwenye faili ya config.json. Umeme ukirudi, unaiambia -config file=config.json na mechi inaendelea ilipoishia. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kuhama. Tena haihitaji maktaba kubwa ya programu iitwayo Qt kama cutechess: kwenye Linux niliishusha, nikaandika make (amri ya kuijenga programu), ikakubali. Bando langu lilishukuru. Siku hizi Fishtest nayo inatumia fastchess.

Kwa wenye laptopu, angalizo moja: chaji ikikatika mashine ikahamia kwenye betri, prosesa hupunguza kasi, na michezo ya baada ya hapo si sawa na ya kabla. Mimi husimamisha mechi, nangoja umeme urudi.

Kuna jambo moja litakalokurudisha kwenye cutechess. Fastchess inajua UCI tu, itifaki moja ya injini kuzungumza na programu inayoichezesha. Nina injini ya zamani inayozungumza itifaki ya xboard, na nikitaka kuipambanisha na Korongo, cutechess inazikutanisha bila taabu, hii kwa proto=xboard na ile kwa proto=uci. Kwa hiyo sasa kwenye mashine yangu fastchess inafanya kazi ya kila usiku, cutechess inangoja wageni wa aina hiyo, na Arena naifungua saa kumi na moja jioni mpwa wangu akishafika, tunachagua mchezo mmoja Korongo iliofungwa tunautazama hatua kwa hatua.