Pedali ya kushoto

Nimepunguza hasira kabla ya kuandika maoni haya kuhusu duka la baiskeli na kikundi cha waendesha baiskeli, ila nyingine imebaki, mnisamehe.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mji ambao hata mwenda sokoni kununua dagaa huenda na baiskeli. Na sikuwa najua kuendesha. Kaka zangu waligombania Phoenix ya baba, mimi nikipandishwa kwenye keria, miguu upande mmoja. Nimefikisha miaka 43 nikiificha aibu hiyo hapa Dar. Mwaka jana, Agosti au Septemba huko, mpwa wangu akanifundisha jioni kwenye uwanja wa shule. Nilichubuka magoti yote mawili. Siku ilipokubali nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Nikaenda Ilala kununua ya mtumba, ile ya Kijapani yenye kikapu mbele. Duka silitaji.

Siku ya pili tu, karibu na taa za Morocco hapa Dar, mguu wa kushoto ukakosa pa kukanyaga. Pedali imechomoka, inabingirika barabarani. Konda wa daladala akapaza sauti: "Mama, mguu huo umeudondosha!" Abiria wakaangua kicheko.

Nikaipakia kwenye bajaji, nikarudi dukani. Mwenye duka hakuinuka hata kidogo. Akanitazama kuanzia kilemba hadi ndala, mbele ya wateja, akasema: "Mama, hizi ni za Wajapani, wenzio wembamba. Kwa uzito wako huo utavunja na nyingine." Fundi wake akaipigilia kwa nyundo, akachukua elfu tano yangu. Ikafika Mwenge, ikatoka tena.

Uzito! Wiki nzima nilikula ugali nikijihesabia matonge.

Jirani akanielekeza kwa kikundi kinachoendesha Jumamosi alfajiri. Sikufuata urafiki, nilifuata fundi. Nilijua nitakuta vijana wa kaptula za kubana watakaonicheka. Nikafika na sketi juu ya suruali, pedali ndani ya mkoba. Kijana mmoja akaniamkia, akaiomba, akaimulika kwa simu. "Shangazi, ona herufi hii. R. Umefungiwa ya kulia upande wa kushoto."

Kumbe pedali ya kushoto nyuzi zake za skrubu ni za kinyume, makusudi, ili isijilegeze unapokanyaga. Wale wa dukani walilazimisha, nyuzi za krenki, ule mkono unaobeba pedali, zikalika zote. "Hata angepanda mtoto wa darasa la pili ingetoka," akasema. Nilitaka kumkumbatia.

Jumamosi iliyofuata alikuja na mkono wa krenki wa zamani, pedali yenye L na spana namba 15. Hakunitoza kitu. Lakini hata ile siku ya kwanza hawakuniacha nirudi nyumbani, waliniazima baiskeli. Nyuma kabisa huwa kuna mtu wanayemwita mkia, kazi yake ni kutompita aliye wa mwisho. Wa mwisho nilikuwa mimi. Mkia alikuwa mzee mstaafu, na kwenye Daraja la Tanzanite, kilomita nzima upepo wa bahari ukinisukuma ubavuni, alinisimulia bei ya mchele wa Kyela na wa Mbarali, tena kwa utulivu, kana kwamba hasikii ninavyohema.

Kwa hiyo kikundi nakipa nyota zote, ingawa saa kumi na moja na nusu alfajiri ni uonevu. Duka, sifuri. Msiende.

Au nendeni, maana kusema kweli baiskeli yenyewe ni nzuri, breki zinashika, na kwa bei ile sijaona pengine. Mwenzangu wa kazini nimempeleka mwenyewe juzi. Ila mkague herufi za pedali kabla ya kutoa hela.

Siku hiyo nilimwekea mwenye duka pedali ya R mezani, nikamweleza. Akaigeuzageuza, akasema "Kumbe," akanipa kengele mpya ya bure. Kengele nimeifunga na naipiga sana nikipita Morocco. Samahani yangu bado namdai.