Simba wa kweli, mwindaji wa uongo

The Ghost and the Darkness (1996) inaanza kwa kumhakikishia mtazamaji kwamba hata yasiyosadikika yalitokea kweli. Kisha anaingia Remington, mwindaji Mmarekani anayeigizwa na Michael Douglas, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Simba wote wawili wa Tsavo, Kenya, waliokuwa wakila wajenzi wa reli, walipigwa risasi na John Patterson, mhandisi aliyeletwa kujenga daraja la reli hiyo: wa kwanza 9 Desemba 1898, wa pili siku 20 baadaye. Tangu Remington afike, Patterson wa Val Kilmer anageuka mchukua bunduki kwenye kisa chake mwenyewe.

Na kisa chenyewe hakikuhitaji chumvi. Patterson alikaa gizani juu ya kichanja cha futi 12, nguzo nne na ubao mmoja, mzoga wa punda chini kuwa chambo. Simba akamwacha punda, akawa anamzunguka yeye kwa kama saa mbili. Bundi akamgonga kisogoni, nusura aanguke. Kichanja kimo kwenye sinema, lakini kwa dakika chache tu. Ule mtego wa vyumba viwili nao umo, watu huku, simba kule. Wa kweli ulikuwa wa mataruma na vipande vya reli, nafasi ya inchi 3 kati ya chuma na chuma. Simba aliingia, mlango ukashuka, askari wakamimina risasi kama 20 wasimpate. Moja ikakata chuma cha mlango, huyoo akatoka!

Kwa mtu wa Mombasa, ambako reli ilianzia 1896, kinachouma zaidi ni makuli, vibarua wa Kihindi wa reli hiyo. Tarehe 1 Desemba 1898 walijitupa mbele ya treni ikasimama, wakajazana mabehewani wakakimbia. Ujenzi ukalala wiki tatu. Hapo palikuwa na sinema nzima. Om Puri, mwigizaji wa kiwango chake, anayeigiza kiongozi wao, amepewa kunung'unika tu.

Tsavo yenyewe imepigwa picha Afrika Kusini. Wanaletwa Wamasai, ilhali wenyeji wa jirani ni Wataita na Wakamba. Simba wana manyoya tele shingoni. Wale wa 1898 hawakuwa nayo, nenda Chicago kawaone. Patterson alizifanya ngozi zao mazulia, akaziuzia makumbusho ya Field mwaka 1924 kwa dola 5,000.

Sauti ni nzuri, haina ubishi, na Oscar yake ilistahili. Itazame kwa spika kubwa, usiku, taa zimezimwa. Akianza kusema Remington, nenda kachemshe chai.